UZI: Pointi za kasino unaonyeshwa, hesabu iliyozizaa huonyeshwi

Msimbati_Kusi (#1)

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine habari za mihangaiko.

Najua hapa kwetu Mtwara ukitaja kasino mtu anafikiria lile dubwi, mashine ya kamari ya sarafu za mia mbili pale nje ya baa. Silo ninalolisemea. Nasemea kasino yenyewe, ya meza na zulia, ambayo saa ya ukutani hutaiona hata uitafute. Nimefanya kazi humo Dar miaka minane. Minne nilikuwa dila wa ruleti, yule anayezungusha gurudumu la namba na kulipa walioshinda, minne iliyofuata inspekta, yule anayesimama nyuma ya dila akiangalia mikono ya kila mtu. Marehemu mama mpaka anaondoka aliamini nafanya kazi ya chipsi. Sikumdanganya, kweli nilishika chipsi usiku kucha, ila hazikuwa za viazi, ni vile vijisahani vya kuwekea dau badala ya fedha. Sasa nimerudi, nina mikorosho njia ya Naliendele na baraza langu Mikindani.

Kwenye baraza hilo ndipo shemeji yangu alinikuta wiki iliyopita, kanuna. Shemeji anauza spea za pikipiki sokoni, mzigo anafuata Kariakoo. Mei 2024 ile barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, alikwama Dar siku nyingi, mzigo umefungwa, basi hakuna. Mwenyeji wake akampeleka kasino wapoteze muda. Muda ulipotea kweli. Alirudi na kadi ya uanachama, na tangu hapo kila safari ya mzigo lazima apitie.

Kilichomnunisha ni hiki. Kaenda dawati la kadi kuuliza salio, akaambiwa ana pointi 1,940, thamani yake nusu kuku na soda mbili. Wakati huohuo jirani yake wa meza, ambaye shemeji anaapa kwamba anaweka dau dogo kuliko yeye, kapewa chumba cha hoteli na chakula cha usiku. Shemeji akauliza, "Na huyu ana pointi ngapi?" Wakacheka. Nami nilicheka, akaninunia na mimi.

Nikamwambia shemeji, kule ndani kuna makapu mawili, nawe umeonyeshwa moja.

Kapu la kwanza ni pointi. Ukichomeka kadi kwenye mashine, inahesabu kila shilingi unayoibonyeza, siyo uliyoingia nayo. Umeingia na 50,000, ukashinda kidogo ukarudisha, ukashinda ukarudisha. Unapoinuka mfuko mweupe, lakini mashine imeandika umezungusha 600,000. Pointi zinatoka kwenye hiyo 600,000. Hizi hawakufichi. Zipo kwenye kioo cha mashine, zipo kwenye simu yako, zipo dawatini, na dada wa dawati atakusomea kwa tabasamu.

Kapu la pili ndilo lenye nyama. Wenyewe wanaliita kompu: chakula, kinywaji, chumba, teksi, wakati mwingine hata tiketi ya ndege, vitu kasino inavyokulipia. Kwa mchezaji wa meza, kompu haitoki kwenye mashine yoyote. Ilikuwa inatoka kwangu.

Ukikaa mezani ukanipa kadi, naandika saa uliyokaa, dau lako la kwanza, dau lako la wastani na saa uliyoinuka. Saa ni saa, haina ubishi. Dau la wastani ni jicho langu. Naangalia meza tatu au nne kwa wakati mmoja. Ukiweka 20,000 nikiwa nimegeuka kutatua ugomvi wa meza ya pili, halafu ukaweka 5,000 ninapogeuka, ninachokiona ni 5,000. Na niwaambie ukweli ambao sikuwahi kuusema nikiwa na ajira: saa tisa za usiku, macho yanawaka, nimewahi kujaza wastani wa watu kwa kukumbuka sura zao tu.

Namba hiyo ikishaingia kwenye mfumo, hesabu ni ya darasa la sita. Dau la wastani, mara mizunguko kwa saa, mara saa ulizokaa, mara asilimia ya kasino kwenye mchezo huo. Ruleti ya sifuri moja ina namba 37 na ukipata namba unalipwa 35 kwa moja, kwa hiyo kasino inabaki na 1 ya 37, asilimia 2.7. Ya sifuri mbili ina namba 38 na malipo yaleyale, inabaki na asilimia 5.26. (Ukiona sifuri mbili hama meza, huo ushauri nautoa bure.)

Chukua shemeji. Dau 10,000, mizunguko 40 kwa saa, saa 3. Amezungusha 1,200,000. Asilimia 2.7 yake ni 32,400. Hiyo wanaiita hasara tarajiwa, yaani kwa wastani wa masiku mengi, mtu wa namna yake anatakiwa awaachie kiasi hicho. Usiku ule anaweza kushinda laki tatu au kupoteza laki tano, hawajali, wao wanaangalia 32,400. Kisha wanaikata sehemu wanakurudishia kama ukarimu, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 40. Tuseme 30, inakuwa 9,720. Wali kuku na bia mbili. Wewe unadhani umeheshimiwa, kumbe umekula chenji yako.

Sasa mimi nikiandika 6,000 badala ya 10,000, hasara tarajiwa inashuka mpaka 19,440 na kompu mpaka 5,832. Karibu 4,000 imeyeyuka kwa sababu niligeuza shingo. Na hutajua kamwe, maana hiyo karatasi huonyeshwi. Ukiuliza salio la kompu unaambiwa, "Bosi, wewe agiza, tutaangalia."

Wengi wanadhani wanaficha kwa uchoyo. Uchoyo upo, mtu asiyejua ana haki ya 9,720 akiomba soda anapewa soda na nyingine inabaki ndani. Lakini kubwa siyo hilo. Wakikuonyesha kompu na jinsi ilivyopatikana, wamekuonyesha hasara yako, kwa sababu moja inazaliwa na nyingine. Mtu aliyekaa kwenye kiti laini, muziki laini, asome kwenye kioo "unategemewa kutuachia 32,400 kabla ya saa nane"? Ataomba koti lake.

Kwa hiyo mnaopita huko msiulize "nina pointi ngapi". Ulizeni wastani gani umeandikwa, saa ngapi zimeandikwa, nimeingiza kiasi gani na kutoka na kiasi gani. Nataka kusikia waliowahi kuuliza walijibiwaje.

Nangurukuru_Njiapanda (#2)

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Wenye vichwa vikubwa wakae nyuma.

Dubwi_MiaMbili (#3)

Sisi wa dubwi pale Majengo hatuna hayo makapu. Sarafu zikiisha Mchina mwenye mashine haji hata kukupa pole. Kumbe wenzetu mnaliwa na kupewa wali?

Msimbati_Kusi (#4)

@Dubwi_MiaMbili wewe angalau unajua umeliwa. Unahesabu sarafu kwenye kiganja.

Karani_wa_Mizani (#5)

Kaka Msimbati, umegusa kazini kwangu. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba, msimu mzima kuanzia Oktoba nakaa na mizani na watu wanaotokwa povu.

Mkulima akileta korosho napima, namwandikia kilo, anaondoka na risiti. Hapo hana neno, kilo ameziona kwa macho yake. Ugomvi unaanza mzigo ukifika ghala kuu. Unapimwa tena, unaangaliwa unyevu, unapewa daraja. Baadaye anaambiwa kuna unyaufu, korosho imekauka, kilo zimepungua. Bei imetoka mnadani, makato yamekatwa, kilichoingia benki sicho alichokipiga kichwani. Anakuja kwangu na risiti yake: "Wewe mama, kilo zangu hizi hapa!" Kweli kilo zake hizo. Lakini fedha haikutoka kwenye kilo peke yake.

Ndivyo nilivyouelewa uzi wako. Pointi ndiyo risiti ya kilo. Daraja na unyaufu viko kwenye karatasi ya ghala.

Lakini nakupinga mahali pamoja. Umesema mtu aulize wastani ulioandikwa. Sawa, akionyeshwa kwamba umeandika 6,000, atakubishia kwa ushahidi gani? Mizani ni yako, jicho ni lako, karatasi ni yako. Mkulima angalau ana gunia. Mchezaji wa ruleti ana nini? Kumbukumbu ya mtu aliyekunywa bia mbili?

Hiyo ya kompu ni kangomba, kaka, kama wale wanaonunua korosho kwa kopo kwa magendo. Kopo ni la mwenye kupima.

Msimbati_Kusi (#6)

Dada Karani, hapo umenikamata. Kangomba hasa. Jibu ninalo nusu. Mchezaji anaweza kuandika mwenyewe kwenye simu saa aliyokaa na chipsi alizonunua. Manunuzi ya chipsi mezani yanatajwa kwa sauti na yanaingia kwenye kitabu, kwa hiyo hapo kuna gunia kidogo. Dau la wastani ndilo halina gunia. Waliokuwa wajanja walikuwa wanaanza na dau kubwa mara tu ninapofika na karatasi, kisha wanashusha. Nilikuwa naona na nilikuwa naandika lile kubwa, maana ni watu wa kuchangamsha meza.

Hosti_Mstaafu (#7)

Nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Nilikuwa hosti, kasino nyingine, Dar hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wateja wakubwa: nawapigia simu siku ya kuzaliwa, najua mtoto wa nani anafanya mtihani, nani hali pweza.

Mwenzangu Msimbati anaongea kama inspekta, yaani kama mtu wa karatasi. Kompu ile ya hiari siyo deni. Pointi ni deni, tumekutangazia kwamba ukizungusha kiasi hiki unapata kiasi hiki, lazima tulipe. Kompu ya hosti ni zawadi. Mfumo unaniwekea kikomo tu. Ninaweza kumpa mtu asilimia 15 ya hasara yake tarajiwa na mwingine 40, kwa sababu huyu wa pili analeta wageni wanne kutoka bandarini na hatukani madila. Ukiandika hiyo kwenye ukuta, kila mtu atadai 40. Hata mama wa genge ana mteja anayemwongezea nyanya mbili. Mteja mwingine akija kudai nyanya za jirani, atapewa?

Na huyo jirani wa shemeji yako, mimi nabeti alikuwa anaweka dau dogo lakini anakaa saa nane. Saa ndizo zinazojaza kapu.

Msimbati_Kusi (#8)

Karibu sana mkuu Hosti, tunahitaji watu wa pande zote. Hilo la saa nane nakubali kabisa, na shemeji nimemwambia.

Nyanya mbili sikubali. Mama wa genge haniandiki kwenye daftari kwamba kila Jumamosi natarajiwa kumwachia elfu thelathini. Nyinyi mnaandika. Zawadi mwite zawadi, lakini ile hesabu iliyo chini yake inanihusu mimi, saa zangu na fedha yangu.

Halafu mtindo huu wote tuliupokea tu, hatukuuzua. Waliouchonga ni Harrah's wa Marekani, kampuni iliyoanzia Reno mwaka 1937. Mwaka 1998 walimchukua Gary Loveman, mwalimu wa chuo cha biashara cha Harvard, akaja kuitumia kadi ya uanachama kama darubini. Nani anakuja lini, anacheza nini, akipoteza kiasi gani anaondoka na hasira, na kuponi gani itamrudisha. Baadaye wakainunua Caesars na kuchukua jina lake. Kampuni yake kubwa ya uendeshaji ilipoingia kwenye kesi ya kufilisika Januari 2015, wadai wakaja kupiga hesabu ya mali, na ule mpango wa uanachama, Total Rewards, ukapewa thamani ya dola bilioni 1, kuliko jengo lolote lao. Wakuu, majengo ya Las Vegas yanashindwa thamani na daftari la wateja! Hapo ndipo mjue daftari lina nini.

Na kwenye pointi Wamarekani hao wako wazi kweli. Kwao, mpango huo sasa unaitwa Caesars Rewards, ukizungusha dola 5 kwenye mashine za kawaida unapata pointi 1, na pointi 100 ni dola 1 ya matumizi. Piga: umezungusha dola 100, umepata senti 20. Kwenye poka ya mashine, ule mchezo wa karata kwenye kioo, inabidi uzungushe dola 10 kupata ileile pointi 1. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu poka ya mashine inawaachia kidogo. Umeona? Hata pale wanapotangaza pointi, hasara yako imechungulia. Usipokusanya pointi miezi sita zinafutika, na hilo nalo limeandikwa. Ila kile alichokisema Hosti, kikomo chako cha hiari, hata kule hukioni kwenye simu. Ni cha hosti.

Kijana_wa_Chuno (#9)

Nyie wazee mnahangaika na karatasi. Mimi nacheza kwenye simu, programu inanionyesha kila kitu hapohapo. Pointi, daraja, mizunguko ya bure, kuna hadi mstari unajaa rangi ya dhahabu. Sasa hivi imeniambia nimebakiza pointi 60 tu nipande daraja. Uwazi gani mwingine mnataka?

Karani_wa_Mizani (#10)

Mdogo wangu, hizo pointi 60 ni shilingi ngapi za kuzungusha?

Kijana_wa_Chuno (#11)

Ngoja niangalie.

Kijana_wa_Chuno (#12)

Haijaandikwa. Imeandikwa "endelea kucheza".

Nangurukuru_Njiapanda (#13)

😂😂😂 Nimeanguka kwenye kigoda.

Msimbati_Kusi (#14)

Kijana usiaibike, ni kazi ya watu waliolipwa kuutengeneza huo mstari. Nenda sehemu ya historia ya miamala, jumlisha ulichoweka toka Januari, toa ulichotoa. Kipo, ila lazima ubonyeze mara sita na hakina rangi ya dhahabu. Ukimaliza usituandikie humu, kaa nacho mwenyewe.

Ustadh_wa_Kisiwani (#15)

Assalamu alaykum. Ndugu zangu wa Kusini, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Kamari ni haramu, mnajua na mimi najua, kwa hiyo sioni faida ya kufundishana jinsi ya kudai wali wa haramu.

Msimbati_Kusi (#16)

Wa alaykumu s-salaam Ustadh. Sina ubishi nawe, na mama angekuwa hai angekuunga mkono kwa fimbo. Nilichokula miaka minane najua nitaulizwa. Lakini watu wanakwenda, shemeji anakwenda, na nikimwambia "haramu" ananijibu "na wewe je?" Nikimwonyesha 32,400 ananyamaza. Natumia silaha inayofika.

Ustadh_wa_Kisiwani (#17)

Nimekuelewa. Basi niongeze moja tu, kupunja kipimo nako ni dhambi yake peke yake. Hao wenzako wamebeba mizigo miwili.

Mmwera_Ughaibuni (#18)

Salamu kutoka Melbourne, ila kitovu changu kiko Mingoyo, msinisahau msimu wa embe.

Msimbati, unachokitaka huku kipo kwa sheria. Jimbo hili la Victoria, mtu ukiwa mwanachama wa mpango wa pointi, iwe klabu ya mashine au kasino, wanalazimika kukupa taarifa ya uchezaji wako angalau mara moja kwa mwaka. Na haikupi pointi peke yake. Inakuambia ulichoshinda, ulichopoteza, na muda uliotumia ukicheza.

Mke wangu ana binamu yake Mfilipino, mzee mmoja mchangamfu, alikuwa anasifia kadi yake kila Jumapili: kahawa ya bure, maegesho ya bure. Siku karatasi ilipokuja aliisoma mezani kwetu kwa sauti, akaanza vizuri, akafika kwenye saa. Akanyamaza. Akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Sijawahi kumsikia tena akitaja maegesho.

Hosti_Mstaafu (#19)

Na Marekani pia mteja anaweza kuomba taarifa ya mwaka ya alichoshinda na kupoteza, wanaitumia kwenye mambo ya kodi. Nimewahi kuhudumia Mmarekani mmoja wa kampuni ya gesi aliyeniomba kitu hicho Dar, nikamwangalia kama ameniomba funguo za stoo.

Nangurukuru_Njiapanda (#20)

Sasa turudi nyumbani. Shemeji wa Mtwara, hajui Victoria wala Reno, anashika wapi?

Msimbati_Kusi (#21)

Swali zuri na nimelifanyia kazi wiki hii badala ya kupalilia.

Kasino zetu ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, Sura ya 41. Leseni inatoka kwao, na mteja mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwao. Pointi ulizoahidiwa kwa maandishi zikafutwa kinyume na masharti yao, hapo una pa kushika.

Lakini kwa ile karatasi ya ndani mimi naona mlango mwingine. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazokusanywa na zinatumika kwa kazi gani. Sasa jina lako, saa uliyokaa, saa uliyoinuka, fedha uliyonunulia chipsi: kama hizo siyo taarifa zako binafsi, ni za nani? Kadi ina picha yako na nakala ya kitambulisho chako!

Nimemwandikia shemeji barua, ukurasa mmoja. Nimeandika namba ya kadi, kipindi anachotaka, na maneno ya kawaida kabisa: naomba kumbukumbu zangu zote za uchezaji mlizonazo, zikiwemo muda, dau la wastani lililoandikwa, nilichoingiza na nilichotoka nacho, pamoja na salio la pointi. Hakuna vitisho. Vitisho vinapelekwa kwa mwanasheria wao na vinalala huko. Ataipeleka mwenyewe safari ijayo na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu, hilo kila mtu aliyewahi kufuata malipo ya korosho analijua.

Hosti_Mstaafu (#22)

Muhuri watagonga. Muda na fedha watatoa, meneja akiwa mwelewa. Hasara tarajiwa hawatatoa. Watasema hiyo ni tathmini yao ya biashara, siyo taarifa ya mteja. Na nikiwa mkweli, hata mimi nisingetoa.

Karani_wa_Mizani (#23)

Wakitoa muda na dau la wastani, hesabu nyingine si ameshaitoa Msimbati juu huko? Tutajipigia wenyewe.

Hosti_Mstaafu (#24)

😀 Ndiyo maana sikutaka kujisajili mapema.

Msimbati_Kusi (#25)

MREJESHO baada ya wiki tano. Samahanini, korosho zilianza kudondoka nikawa shambani.

Karatasi imekuja. Mara ya kwanza dawatini walimsomea pointi tu, akawaonyesha barua, akaambiwa hiyo ni ya ofisi, ofisi imefunga. Akarudi kesho yake, barua ikagongwa muhuri. Nikiri nilidhani imeishia hapo. Jumatatu iliyopita ikaletwa na basi ndani ya bahasha ya kaki, kurasa mbili.

Hosti ulisema kweli, hasara tarajiwa haimo. Mengine yamo. Mezani ameandikwa usiku 11, yeye anasema ni 13, kwa hiyo mbili aliyekuwa zamu hakumwandika kabisa. Jumla saa 37. Dau la wastani lililoandikwa ni 4,000. Shemeji aliruka kwenye mkeka: "Elfu nne! Mimi!" Anaapa hajawahi kushuka chini ya 10,000. Nikampigia hesabu kwenye mchanga, kwa 4,000 kapu lake kwa saa 3 halifiki hata 3,900 ukikata asilimia 30. Ndiyo maana jirani kapewa chumba. Kisha chini kabisa: ameingiza 2,400,000, ametoka na 1,360,000. Pointi 1,940.

Tulikuwa tumekaa barazani, mimi naandaa barua ya pili ya kudai zile siku mbili na kulalamikia ile elfu nne. Nilikuwa na hamasa kweli, nimeshaandika mpaka kichwa cha habari. Dada yangu akatoka ndani na chai, akaichukua karatasi akadhani ni ankara ya mzigo. Dada hakuangalia pointi wala dau. Alishuka na kidole kwenye safu ya tarehe, taratibu, kama anasoma majina ya waliofaulu.

"Hii ya tarehe 14," akasema, "si ndiyo siku uliyonipigia kwamba gari la mzigo limeharibika Kibiti, mmelala njiani?"

Shemeji akaniangalia mimi.

Nangurukuru_Njiapanda (#26)

Mkuu usituache hapo. Barua ya pili imekwenda?

Msimbati_Kusi (#27)

Haijaenda. Pointi 1,940 bado zipo. Kadi anayo dada.